Kurudi kwa njia ingine

Siku ya Idi, jioni

Mguu wa baba umevimba, na kosa ni lake mwenyewe. Au ni langu, sijui.

Tulipotoka kuswali nilimwambia, "Baba, tupite ile ile njia ya mkato ya asubuhi." Akasema, "Apana. Siku ya Idi haturudi mu njia tuliyoendea. Ni sunna." Nikamkumbusha kwamba tangu augue anatembelea fimbo. Akanitangulia.

Basi tukauzunguka mtaa wetu wa Buyenzi, avenyu kwa avenyu, yeye akisalimia kila mlango, mi nyuma nimenuna kwa njaa.

Kwenye kona ya mwisho tukamkuta mzee Hamisi, rafiki yake tangu utoto, ambaye haoni tena. Amevaa kanzu, viti viwili viko nje tangu asubuhi. Aliposikia sauti ya baba akacheka: "Nilijua utapita huku."

Nikaona aibu. Mkato wangu ungemwacha pale akingoja.

Wakanywa chai. Halafu mzee akauliza, "Na huyu mutoto, njia anaijua?"

Baba hakunitazama. "Leo ndio ameanza."

Nyumbani, nilipokuwa namkanda baba mguu kwa maji ya moto, nilizirudia zile kona kichwani, moja moja, nisije nikazisahau.