Kaboni ya Barua ya Bwana Huseni

Mitwero,
S.L.P. 83,
Lindi.
18 Agosti, 1996.

Mpendwa Kaka Mfaume,

Shikamoo kaka. Popote barua hii itakapokukuta, dukani au barazani kwako, naomba ikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Goti lako linaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi cha vumbi kimemwachia? Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mama mguu umeacha kuvimba, na ulimi ndio kabisa haujapata kuugua. Jana kamfukuza muuza samaki mlangoni, kamwambia samaki wake wamestaafu tangu juzi.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata, ile ya kunitaka nije huko Mwanza, kwamba rafiki yako mwenye kampuni ya minofu ya samaki amenishikia kiti cha katibu muhtasi. Najua umenikasirikia kwa kukaa kimya. Mwanzoni sikuwa na jibu. Nilipokuwa nalo, niliona haya kuliandika, maana haliandikiki bila kujiumbua. Leo nimekaa kitako, nakuandikia lote.

Wewe uliondoka Lindi kabla shirika letu halijatupunguza. Tulitoka wapiga taipu watano kwa siku moja, kila mtu na mashine yake chakavu kichwani, maana hizo ndizo tulizoruhusiwa kuondoka nazo. Mwaka mzima tukawa tunagombea fito. Mimi nikipata kazi ya mwalimu mkuu fulani, mwenzangu Debora anaifuata kwa nyuma. Debora akipata mchungaji, mimi napita kwa mke wake kuulizia hali. Upuuzi mtupu, kaka, na sote tulikuwa tunalala njaa.

Kumbe kazi haikuwa hapa mjini. Tangu biashara ziruhusiwe, kila mtu huko Kilwa, Liwale na Nachingwea amefungua duka au ananunua korosho, na hakuna hata mmoja mwenye ofisi. Ana daftari na mkoba basi. Barua za kuomba leseni hajui ziandikweje, tarehe za kuihuisha anazisahau. Mzee Sipriani, yule aliyekuwa anachukua hati mkato tangu enzi za mkoloni, ndiye aliyeona. Akatuita, akasema tuache kuviziana, tuwe kitu kimoja.

Basi tukaunda umoja wetu. Mtu yuko Kilwa, katibu wake yuko Mitwero, na pengine hawajapata kuonana sura. Anampa kondakta wa basi bahasha yenye mwandiko wake wa kuku, sisi tunaipiga, tunaweka nakala, tunamrudishia kwa basi la kesho. Tarehe zake tunazishika sisi, tunampelekea kumbukumbu. Mmoja akiugua, mwenzake anaibeba kazi yake bila kumnyang'anya mteja. Debora Kiingereza chake ni cha kanisani, kimenyooka, kwa hiyo barua za nje zote zake. Mimi wakanifanya mwenyekiti, kwa sababu ya mdomo huu niliourithi kwa mama.

Na mimi mwenyewe ndiye niliyetunga sharti la kwanza: siri ya mteja haitoki nje ya mlango. Nilisimama nikalisoma kwa sauti, kidole juu. Likumbuke hilo, kaka, kwa sababu linakuja kunisuta.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Huseni wa Kilwa Masoko, mnunuzi wa korosho. Yeye ndiye aliyetuletea nusu ya wengine. Mwanzoni mwa Julai alituletea barua ya kumwandikia mshirika wake Dar es Salaam, kwamba msimu huu hatafungua ghala lake la kijiji cha Kinjumbi. Alitaka kwanza apate jibu, kisha aende mwenyewe kuwaeleza wakulima kwa adabu. Barua niliipiga mimi. Debora akaipeleka kwenye basi.

Wiki haikuisha, Kinjumbi nzima ikawa inajua. Watu walikuwa wameshamfagilia ghala, na msimamizi wake akafukuzwa kijijini kwa matusi. Bwana Huseni akapanda basi hadi Mitwero, akatukuta barazani kwangu. Hakukaa hata kwenye mkeka. Alisema amemwamini mtu asiyemjua, na haya ndiyo malipo yake, akaondoka.

Sasa nani? Macho yote yalikwenda kwa Debora. Bahasha aliibeba yeye, na mume wake naye ananunua korosho. Aliapa kwa jina la Yesu, akalia. Mimi nikaongoza kikao, kaka. Mimi. Nikamwambia akae pembeni asiguse kazi ya mteja yeyote mpaka tutakapojiridhisha. Nililala usingizi mzuri siku hiyo, nikijiona hakimu wa haki.

Siku nne baadaye nilipita kwa jirani yetu Anjelina, yule fundi wa kudarizi. Nilimkuta anachora maua kwenye foronya za bibi harusi. Unajua wanavyochora: kitambaa chini, karatasi ya kaboni katikati, karatasi ya maua juu. Ile kaboni ilikuwa ni yangu, ya kupigia nakala. Tangu tuko shirikani nilikuwa nikimpa kaboni zangu zilizochoka. Wewe unakumbuka miaka ile ya dhiki, hakuna kilichotupwa. Kaboni moja tulipiga barua hata ishirini, mpaka herufi zikapandana na hakuna jicho la kuzisoma.

Lakini siku hizi kaboni zimejaa madukani. Mzee Sipriani alisema kazi ya mteja ipigwe kwa kaboni mpya, nakala itoke safi. Kwa hiyo kaboni ya Bwana Huseni ilipigwa mara moja tu. Nami kwa mazoea yangu ya ufukara, naona uchungu kuitupa, nikampelekea Anjelina. Niliichukua pale kwenye foronya, nikaielekeza dirishani. Barua nzima ilikuwa inasomeka, toka tarehe mpaka wako mtiifu.

Nilimuuliza Anjelina, nani kaishika hii? Akasema mgeni wake Ahmadi, shemeji yake wa Kinjumbi aliyekuja hospitali, alikuwa anaichezea pale dirishani na kucheka peke yake kabla hajarudi kwao. Wallahi kaka, niliikunja ile kaboni nikatoka nayo. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekalia kiti cha uenyekiti.

Nakwambia ukweli, usiku ule barua yako ndiyo niliyoishika. Mwanza mbali, hakuna anayenijua, kiti kinanisubiri. Ningepanda basi, Debora angebaki na lawama, na mimi ningebaki na jina langu zuri. Niliufikiria mpango huo, tena kwa marefu. Asubuhi nikajiona mchafu.

Ijumaa baada ya sala nikawaita wote, nikaitandika ile kaboni mbele yao, nikasema ni mimi. Mzee Sipriani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Debora alinitazama. "Kumbe ulinihukumu kwa kosa lako, Umi," akasema, akainuka akaenda zake. Siku kumi na moja hakunipa salamu, na sokoni akiniona anavuka barabara. Ilinichoma kuliko matusi.

Nikaenda Kilwa mwenyewe. Bwana Huseni alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa, akasema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, lakini kazi yake hairudi. Nami sikumbembeleza. Ana haki yake. Kisha tukawaandikia wateja wetu wote wengine tisa, tukawaeleza lililotokea na aliyelitenda, kwa jina langu kamili. Wenzangu walisema tunajichimbia kaburi. Nikawaambia kama ni kaburi, bora tujizike kwa mikono yetu wenyewe. Wanne wametuacha. Watano wamebaki, na mmoja wa Liwale ameandika kwamba ofisi aliyokuwa akiitumia zamani ilivujisha mambo yake mara tatu na haikumwambia hata mara moja.

Uenyekiti nimeuacha. Wamemchagua Debora, na amekubali kwa sharti kwamba mimi nisihame. Kila Jumamosi nachana kaboni zote za wiki, nazichoma nyuma ya jiko yeye akiwa amesimama mikono kiunoni, anazihesabu moja moja kama askari magereza. Moshi wake unanuka, mama analalamika. Juzi Debora alinirushia kaboni iliyonidondoka, akasema, "Na hii, au ni ya maua?" Nikacheka mpaka nikalia. Naye akacheka. Ndipo nikajua nimesamehewa, au nimeanza kusamehewa.

Kwa hiyo kaka, siji Mwanza. Najua umejitaabisha, na umeweka uso wako kwa rafiki yako kwa ajili yangu. Nisamehe sana. Lakini nikiondoka sasa, umoja huu utasemwa kwamba aliyeuharibu kaukimbia, na hao watano nao watatoka. Nimeuvunja kwa mkono wangu, nitaujenga kwa mkono huohuo. Hata ikichukua miaka kumi, nipo hapahapa Mitwero.

Nisalimie wifi kwa mapenzi mengi, na wanangu Nurdin na Majid, waambie shangazi yao anawataka wamwandikie kwa mwandiko unaosomeka. Mama anakuombea dua kila alfajiri, anasema na wewe umwombee muuza samaki. Mola akuhifadhi, akufungulie riziki yenye heri, atukutanishe tukiwa na afya.

Ombi langu kwako ni moja. Usinitafutie kazi tena, nitafutie watu. Mwenye duka, mwenye mitumbwi, mwenye kiwanda, yeyote huko asiye na katibu. Basi na posta zitatufikisha. Ila ukimpata, kabla hujamsifia chochote kuhusu sisi, mweleze kwanza habari ya kaboni.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Umi