Mafuta ya Kwato kwenye Ala ya Bastola

Umbilo, Durban

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na ninaomba barua hii ikukute kwenye kile kiti chako cha kazi, si kitandani. Magoti je? Mama aliniambia kwamba siku hizi unainuka kwa kushika meza. Na presha yake yeye? Nikimuuliza hujibu "niko tu" na kukata simu. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, na ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Unajua kwamba nashona ala za bastola. Mama hajaizoea kazi hii. Aliniuliza, "Ulikimbia bunduki, sasa unazishonea nguo?" Nikacheka. Lakini wanaozivaa hapa ni walinzi wa maduka, watu wanaowahi taksi alfajiri kama mimi. Kazi yenyewe ungeipenda. Ngozi ya milimita tatu na nusu, ngumu, tunailowesha kwa maji ya vuguvugu, tunaivika juu ya bastola ya plastiki, kisha naifinya kwa mfupa mpaka ishike kila kona. Siku mbili kivulini, jua hapana. Mishono sita kwa inchi, sindano mbili, kama ulivyonifundisha. Kwa miaka minne nimeshona ala mia tatu na kumi na mbili, na haijarudi hata moja kwa uzi kukatika. Meza hii ninayoshonea dukani sikupewa na mtu, Baba. Niliipata kwa mikono yangu.

Iliyorudi ni moja niliyoitengeneza tu, na si kwa uzi.

Kuna mlinzi wa supamaketi kule Overport, mama mmoja Mzulu, namwita Sisi Nomusa, yaani dada kwa lugha ya huku, naye huniita bhuti, kaka. Aliniletea ala yake ya zamani niitengeneze. Unyevu wa bahari hapa hauna mchezo: ukisahau ngozi kabatini wiki mbili, inaota kuvu nyeupe. Yake ilikuwa hivyo, tena kavu, inalia kama mlango kila akipiga hatua. Nikasema moyoni, hii ina njaa. Si ndivyo ulivyokuwa ukituambia? "Ngozi haisemi imeshiba, wewe ipe tu." Nikafuta kuvu, nikaipaka mafuta ya kwato za ng'ombe, ndani na nje, siku tatu mfululizo. Ikanywa yote. Ikawa nyeusi, laini, haina sauti. Patroni, yule mzee wa Kihindi mwenye duka, alipita mbele ya meza yangu siku zote tatu, akatazama, akaenda zake.

Sisi Nomusa alipoivaa alijizungusha kama bibi harusi. "Eish, bhuti! Hii ni yangu kweli?"

Siku ya kumi na moja aliruka kutoka kwenye gari la kampuni, mbio, amechelewa zamu. Bastola ikateleza yenyewe, ikaanguka mlangoni mwa supamaketi, miguuni pa watu na watoto wao. Haikulia, Mungu ashukuriwe. Lakini kuna mtu alikuwa na simu mkononi, na video ilimfikia mkubwa wake kabla yeye hajamaliza kuiokota. Amesimamishwa kazi. Wanasema ni uzembe wake.

Alikuja mezani kwangu na ala mkononi. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Bhuti, miaka tisa sijaangusha hata kalamu. Umeifanya nini hii kitu?"

"Nimeitunza, Sisi."

"Umeitunza? Basi waandikie hivyo. Waandikie ni wewe, kabla ya Jumatatu. Jumatatu wananisikiliza."

Nikachukua bastola ya plastiki, nikaitia ndani, nikageuza juu chini, nikatikisa. Nilifanya hivyo mara kumi. Ilianguka mara saba. Nikachukua ala mpya, mara kumi vilevile: haikuanguka hata mara moja. Désiré, yule Mrundi anayetengeneza simu kwenye meza ya jirani, alikuwa anahesabu pamoja nami. "Wewe Mkongo," akasema, "hii umeikaanga kama samaki ndagala!" Wa meza nyingine wakacheka. Sisi Nomusa hakucheka, na mimi sikucheka.

Nikaenda kwa patroni. Akanijibu bila kuinua macho: "Kongo, ala si kiatu. Kiatu kinafuata mguu. Ala inatakiwa ing'ang'anie. Mafuta yanailegeza. Kitambaa kikavu, nta kidogo kwa nje, basi. Kila mtu anajua."

"Lakini uliniona siku tatu."

"Nilidhani ni mkanda."

Hapo ndipo nilipopotea, Baba. Hesabu zangu zote zinatoka, hii haitoki. Yeye aliona akanyamaza. Mimi nilifanya kama nilivyofundishwa na mtu ambaye viatu vyake vinatembea Uvira nzima mpaka leo. Na anayeelekea kufukuzwa ni yule aliyevaa tu. Patroni amesema nikiandika karatasi hiyo nihamishe sindano zangu, kwa sababu kampuni ya Sisi Nomusa ndiyo mteja wake mkubwa. Mimi nimekosea wapi hasa? Kuipenda ngozi kupita kiasi?

Niliiandika mara tatu. Ya kwanza nikalaumu unyevu. Ya pili nikaandika, "Nilifanya kama baba yangu alivyonifundisha." Nikaisoma, nikaona nimekusimamisha, mzee wa watu na magoti yako, mbele ya wakubwa usiowajua. Nikaichana. Ya tatu ina jina langu peke yangu, na ile saba kwa kumi. Nimempelekea Sisi Nomusa leo asubuhi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanishika bega. Patroni bado hajajua.

Lakini ile ya pili iliniamshia kitu. Nikiwa na miaka kumi na moja, ulimshonea mchinjaji wa sokoni ala ya kisu. Ulipomaliza ulinyoosha mkono kwenye kopo la mafuta, kisha ukaurudisha, ukasugua nta tu. Nilidhani mafuta yameisha na unaona aibu mbele ya mteja. Sikuuliza.

Nisalimie Mama, mwambie bunduki sijaishika, nashika ngozi. Nisalimie dada Riziki na makaa yake, na mjomba anayepiga kengele kanisani, kama bado wanamwachia. Barua hii anakuletea shemeji yake Désiré, anapitia Bujumbura. Ndani nimeweka vipande viwili vya ngozi: kimoja kimekunywa mafuta, kingine nta tu. Vikunje kwa vidole vyako kwanza.

Halafu niambie, mimi si mtoto tena. Siku ile ya mchinjaji, mafuta yalikuwa yameisha, au ulikuwa unajua?

Mwanao anayengoja jibu,
Asukulu