Mazishi ya Kamande Mbele ya Kamera

Jumanne, 3 Machi 2026

Nimetumwa huku kutoka Nakuru mbio mbio. Kazi yangu: "mshauri wa ukweli." Nani alijua kuna cheo kama hicho!

Watu wa Nairobi wanatengeneza sinema ya yale mafuriko ya kijiji cha Kwa Mawe, hapa chini ya eskapmenti, ule ukingo wa Bonde la Ufa, mbele kidogo ya Mai Mahiu. Mhariri wangu redioni kaniachilia wiki nzima kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa habari pekee aliyekuwa hapa maji yalipokuja. Nilikuwa nimekuja kwa stori ya vitunguu, jamani. Vitunguu!

Dairekta anaitwa Jerry. Kijana ana kofia na ana haraka. Nilimwambia maji hayakuja kama maji. Yalikuja matope na mawe, kelele kama lori linamwaga kokoto, alfajiri watu wakiwa kwa blanketi. Akanitazama kwa huruma. Alisema anaheshimu ukweli wangu, lakini mwanga mzuri uko jioni, kwa hivyo mafuriko yatakuja jioni. Sasa mimi nashauri nini?

Nilipita kwa Tabby. Alinimiminia chai kabla sijakaa. Zamani alikuwa na hoteli ya mabati hapo barabarani, yeye na mumewe Kamande. Sasa ana meza na jiko moja. Asubuhi ile Kamande alinisukuma juu ya lori, akamsukuma Tabby, kisha akarudi kufungulia ng'ombe. Hajapatikana hadi leo.

Hajapatikana. Ona, hata hapa ambapo hakuna anayesoma, bado naandika hivyo.

Jumatano, 4 Machi

Leo ilikuwa siku ya mafuriko. Shida ni kwamba mvua imegoma na mifereji ya kijiji ni kavu tangu Krismasi. Lori la maji likafika kumwaga mafuriko ya Jerry. Kabla kamera hazijawekwa sawa, kijiji chote kiko kwa foleni na mitungi!

Jerry akapiga kelele kwamba hayo si ya kunywa, hayo ni mafuriko. Mathe mmoja, mama mzee, akamjibu: tunajua, kijana wangu, tulishaonana nayo, lakini leo yamekuja safi. Wakayabeba yote. Kwa punda, kwa wilbaro, kwa mgongo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikajikuta nalia, na sikujua nilivuka saa ngapi kutoka kucheka.

Jeff, yule anayeigiza Kamande, alibaki amelala mtaroni, mkavu kabisa, akingoja kufa. Tabby akampelekea chapati. Alimwambia Kamande havai kofia hivyo, akamgeuzia mwenyewe, akarudi nyuma kuangalia. Akaangalia sana. Jeff wa watu akashindwa kutafuna.

Alhamisi, 5 Machi

Kwa skripti Kamande anazikwa Jumamosi. Nikamwambia Jerry: huyo mtu hakuzikwa, hakuna mwili. Alisema watazamaji hawawezi kuachwa hewani. Jeneza limeshakodishwa Naivasha.

Nikamsimulia Tabby nikidhani atakasirika. Akaweka sufuria chini.

"Watachimba kaburi la ukweli?"

Watachimba.

"Na pasta?"

Mwigizaji.

"Mwambie Jerry pasta tuko naye."

Halafu yakamtoka yote. Shemeji zake, wakiongozwa na Jonah, kaka mkubwa wa Kamande, kila neno ni "akirudi." Shamba tutaongea akirudi. Sherehe ya ruracio, mahari ya binti, tutapanga akirudi. Serikali imemwambia angoje miaka saba ndipo apewe karatasi ya kifo. Kanisani wajane wana kikundi chao, leso zao za zambarau, wanatembeleana, na hawamwiti kwa sababu yeye ana mume. Wenye waume nao hawamwiti kwa sababu hana. "Mimi ni nani, Akeyo? Wewe umesoma, niambie."

Nilikunywa chai iliyokuwa imeisha.

Tulimwendea Pasta Ngigi. Yeye ndiye alikataa kuzika bila karatasi ya kifo. Alifikiria, akakuna shingo, akasema sinema si mazishi, kwa hivyo hakuna sheria atakayovunja. Akauliza kama anaweza kuvaa joho lake jipya. Jerry naye alifurahi sana: umati wa bure!

Tukirudi, Tabby akanishika mkono. Alisema Jonah hatamwamini pasta, na hatamwamini yeye. Ataniamini mimi, kwa sababu niliona na kwa sababu natangaza. Nisimame kaburini niseme Kamande alikufa. Basi. Hilo tu.

Nikasema nitaangalia. Nitaangalia nini! Kazini kwetu kama hakuna mwili, hakuna kifo. Kila mwaka siku ya kumbukumbu nimesoma jina la Kamande hewani nikamaliza na "bado hajapatikana," na kila mwaka Tabby alikuwa na redio yake hapo kando ya jiko.

Ijumaa, 6 Machi

Niliona. Wacha niandike mara moja.

Kamande alikuwa amekumbatia nguzo ya zizi. Nguzo ikang'oka, akaja nayo mpaka karibu na lori letu, upande wangu, Tabby akiwa ameinama upande wa pili. Alikuwa ananitazama, mdomo umejaa tope. Jiwe likamjia kwa nyuma. Nguzo iliendelea peke yake.

Hiyo si kutopatikana.

Jumamosi, 7 Machi

Naandikia nyuma ya jenereta. Tumepewa mapumziko kidogo na huko mbele kunawaka moto.

Asubuhi kijiji kilifika kimevaa. Suti, kofia za kanisa, mashada ya maua. Jerry akawaomba wavae za kila siku ili waonekane maskini. Akaulizwa kama kwao watu huzika wakiwa wamevaa malapa. Jonah alisimama mbele na ndugu zake, mikono nyuma, uso umefungwa. Ndani ya jeneza Tabby aliweka koti la Kamande na suruali ya Jumapili. Marehemu mwenyewe, yaani Jeff, alikuwa kwa hema anakula mandazi mpaka mama wa kwaya akamfukuza: haifai aonekane leo!

Pasta Ngigi alipewa mistari miwili ya kusema. Akahubiri mpaka kamera ikabadilishwa betri. Alipofika kwa "mavumbi kwa mavumbi" sauti ilimkatika, na hakuna aliyemwandikia hilo.

Halafu zamu yangu. Nikasema: mimi Akeyo niliona. Kamande alikufa mbele ya macho yangu. Hatarudi.

Tabby akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu aliyesimama. Wajane wakamwendea wote, mmoja akavua leso yake ya zambarau akamfunga nayo, wakamketisha katikati yao. Na jeneza likashushwa.

"Kat!"

Kuna trela lilikuwa limepiga honi huko juu eskapmenti. Sauti imeharibika. Jerry anataka jeneza litolewe, kila mtu arudi alipokuwa, na mimi niseme tena.

Pasta anasema hakuna anayezikwa mara mbili siku moja. Jonah ndiye aliyenimaliza. Alikuja taratibu, akaniuliza kwa heshima: "Hayo maneno, dada, ni ya sinema ama ni ya ukweli?" Nikamwambia ni ya ukweli. Akasema basi niyaseme kamera zikiwa zimezimwa, ataamini. Jerry akasikia. Anasema kamera zikizimwa, jeneza linarudi Naivasha leo hii, na kaburi linafukiwa tupu.

Kwa hivyo nikisema na kamera, Jonah haamini. Nikisema bila kamera, Tabby hana cha kuzika. Na mimi nilidhani kusema mara ya kwanza ndiyo ilikuwa kazi!

Tabby amepita hapa sasa hivi. Macho mekundu, lakini ametembea kama mtu aliyetua mzigo. Alisema niseme vyovyote watakavyotaka, yeye ameshasikia. Amerudi kukaa na wenzake, na mwenye leso amemsogezea kiti.

Na huyo Jerry anakimbia na kipaza sauti, anawapigia kelele wajane wamwachilie huyo mama, arudi kusimama peke yake kule mwisho, kwa sababu kwa shoti hii bado hajakuwa mjane, na wao wamemshika mikono, hakuna hata mmoja anayeachilia.