Machicha ya Bia Kwenye Mkate Wangu

Jumamosi, Burnsville, huku ughaibuni. Baridi ya kuuma masikio. Jua lipo, lakini ni la kuangalia tu. Na mimi nimejikasirikia.

Nimekula Marmite, ile ya kupaka kwa mkate, toka nikiwa msichana wa jikoni kwa shule ya bweni, huko nyumbani Kenya. Waingereza walienda, hiyo ikabaki. Nyeusi kama grisi, chumvi tele. Mtu huipenda ama huitema, hakuna katikati. Wajukuu wangu wa hapa huipaka nene kama siagi ya karanga, halafu wanalia. Ujinga mtupu. Inapakwa nyembamba, mpaka uone mkate chini yake.

Leo asubuhi mjukuu wangu Shiro alisema inanuka, akaingia kwenye simu kutafuta inatengenezwa na nini. Huyu mtoto hunijibu Kiingereza mwaka mzima. Leo Kiswahili kilimnyooka ghafla.

"Cucu, ni machicha ya bia."

Eti ni hamira inayobaki kwa mapipa ya wapika bia. Hawakujua waipeleke wapi, mpaka mtu akagundua inalika. Hata wanajeshi wa Waingereza walipewa vitani. Hailevyi, akaniambia. Najua hailevyi. Miaka yote hiyo nimeila, nani aliniona nikiyumba?

Lakini niliacha kutafuna.

Mwezi uliopita Njeri, msichana muuguzi, alileta keki kwa chai ya kanisa. Akasema mwenyewe, bila kuficha, kwamba ina kijiko kimoja cha ramu. Nilisimama mbele ya wamama wote nikamwambia pombe ni pombe, na meza ya chai asiiguse tena. Keki nikaitupa.

Hajarudi kanisani. Hana mama huku, hana shangazi. Alikuwa na sisi tu.

Nimempigia simu. Nikamweleza yote, mapipa na machicha, nikasema pole. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Sasa Cucu, hiyo pole ni ya kwa simu tu?"

Nilitaka kumkemea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, kwa sababu ameuliza haki.

Sikusoma sana mimi, lakini hili sihitaji kusomewa. Nilimwaibisha nikiwa nimesimama, watu wakiona. Siwezi kumwomba msamaha nimekaa jikoni kwangu.

Kesho baada ya ibada nitasimama. Anayetaka kucheka acheke. Njeri amesema atafikiria kama atakuja.

Aje, asije, nitasema.