Mawe ya Nyasani

Marani, Kisii
4 Februari 1969

Kwa ndugu yangu mpendwa Ongeri,

Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani. U hali gani? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, mzee bado ni shemasi na bado ni mkali, na mguu wangu ni ule ule, haujarefuka. Wenzangu wamekwenda kuchuma chai Nyamira, mimi nakaa nyuma ya jikoni na mawe yangu.

Nimempa Angwenyi, utingo wa basi, kifurushi chako. Fungua taratibu. Mna bakuli na yai, yote ya lile jiwe laini la Tabaka. Bakuli limenichukua majuma saba. Nililichonga kwa panga, nikalipiga tupa, nikalisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka vidole vikachubuka, mwisho nikalipaka nta. Pitisha kidole ukingoni uone kama kitakwama.

Siuzi, wala sitaki kitu. Hapa mzee anasema nachezea mawe kama mtoto, na majirani wananihurumia: "Angalau umepata cha kushika." Wewe unakaa na watu walioona vitu vizuri. Weka mezani pako ofisini, halafu uniandikie walivyosema. Hilo tu.

Ndugu yako mdogo,
Nyasani


Nairobi
2 Juni 1969

Ndugu Nyasani,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Sisi makarani hatuna nafasi kama ninyi.

Mawe niliyaweka mezani ulivyotaka. Ukweli unauma, lakini wewe ni mtu mzima: hakuna aliyesema neno. Mwenzangu mmoja alitia majivu ya sigara kwenye bakuli. Yai, mfagiaji aliliangusha. Usivunjike moyo, watu wa huku wameona mengi.

Hata hivyo tuma mengine manne, makubwa kidogo. Na usichore jina lako chini kama ulivyofanya kwenye bakuli. Ilinibidi nilifute kwa msasa. Ni ushamba.

Kaka yako,
Ongeri


Marani
28 Septemba 1969

Kaka,

Habari za siku nyingi? Huku mvua ni ya kutosha na ndizi zimezaa hadi sokoni Daraja Mbili hakuna anayezitaka. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Majivu! Nilicheka nilipoisoma barua yako, kisha nikakaa nyuma ya jikoni siku nzima bila kushika jiwe. Nimeumia, kaka, siwezi kukuficha.

Lakini nimechonga manne. Kobe, kisanduku chenye kifuniko, na ndege wawili. Kobe nilimficha chini ya gunia, maana mzee anasema ni sanamu na Amri ya Pili inajulikana. Jina sikuchora. Mtu yeyote akisema neno, hata baya, hata mfagiaji, liandike kama alivyolisema.

Ndugu yako,
Nyasani


Nairobi
11 Januari 1970

Ndugu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wazazi. Afya yangu ni njema.

Manne yalifika. Bado kimya. Ila bosi wangu anauliza, basi tu, jinsi jiwe linavyochongwa. Niandikie hatua kwa hatua: tupa inashikwa kwa mkono gani, mtu anakaaje, anaanzia wapi. Nitumie na jiwe moja uliloliacha nusu, pamoja na vyombo. Lifike kabla ya Jumamosi ya tarehe 7 Machi. Najua ni Sabato, usimwambie mzee.

Kaka yako,
Ongeri


Marani
17 Februari 1970

Kaka msomi,

Salamu za upendo. Ukituuliza sisi, hatujambo kabisa. Umenifurahisha, maana hii ni mara ya kwanza wewe kuniuliza mimi jambo. Siku hizi nami ni msomaji: Bathsheba wa dukani hunifungia sukari kwa gazeti, nami nalisoma lote. Hata picha nazitazama sana.

Sasa sikiliza. Jiwe lishinde ndani ya maji siku nzima. Kaa chini sakafuni, ulibane kwa miguu miwili. Tupa isukume mbele, usiirudishe kwa nguvu. Nimekutumia ndege, mwili tayari, imebaki shingo. Ukifika hapo chukua patasi na nyundo, upige mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayejua kazi yake. Mchongaji mwoga hujulikana.

Anayekupenda,
Nyasani


Nairobi
30 Machi 1970

Nyasani,

Sikuulizi hali yako.

Lilipasuka. Mbele ya watu arobaini wa chama cha wapenda mawe, mimi na suti yangu sakafuni, miguu imebana jiwe kama mwanamke anayesaga wimbi, nikapiga mara moja kwa nguvu kama ulivyonifundisha. Vipande vitatu. Bosi wangu alicheka hadi akavua miwani.

Kumbe ulikwisha kuona picha yangu gazetini nikiwa na kobe. Sawa. Ndiyo, nilisema ni kazi yangu. Siku ile ya kwanza walilipokezana bakuli lako mkono kwa mkono, wakauliza ni la nani, nikasema ni langu. Wakaniita kwenye chama. Wakanialika majumbani mwao. Ungefanya nini na sifa hizo, wewe na mguu huo, nyuma ya jikoni?

Sasa sikia ulichojiletea. Mama mmoja wa Kihindi, mzee, mwenye miaka thelathini ya kukata mawe, aliokota vile vipande akavikwaruza kwa ukucha. Akasema, "Ufa huu ulikuwapo. Mtu ameuziba kwa nta na unga wa jiwe, hata mimi nisingeuona. Aliyeweza hivi ndiye aliyechonga bakuli. Yuko wapi?" Wote wakanigeukia.

Nikawaambia ni ndugu yangu, Nyasani Nyamweya wa Marani. Nikawaambia amekufa.

Ulitaka kunimaliza, nikakutanguliza. Nilisema ulikufa Desemba kwa kifua, kwa vumbi la mawe, na kwamba uchungu ndio ulionifanya nijiite mchongaji ili kazi yako isipotee. Bosi alinishika bega. Kazi yangu nimebaki nayo. Mawe yako wameyaweka kwenye kabati la kioo, na jina lako lote kwa herufi za shaba, na mwaka wa kufa. Hii hapa kadi ya rambirambi, wameandika karibu wote. Si ulitaka maneno yao?

Usikanyage Nairobi. Ukikanyaga, mimi sina kazi, nawe ni mwongo aliyefufuka. Barua zako za posta nitazichoma kabla ya kuzifungua. Mama mwambie nina shughuli nyingi.

Ongeri


Marani
19 Aprili 1970

Kaka,

Sisi wazima. Kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi, kama ulivyosikia, nimefariki.

Matusi ninayo, tena ya kukutosha. Lakini ni kweli ufa ule niliuziba kwa mikono hii, siku nne, nikicheka peke yangu. Nilitaka tu waone kwamba hujui kazi. Sikufikiria zaidi ya hapo, na huo ndio ujinga wangu.

Kadi nilimpelekea mwalimu Drusilla pale Nyanchwa anisomee Kiingereza chake. Alinisomea mara nne. Mara ya nne akaniuliza marehemu ni nani, nikamwambia ni mtu wa kwetu.

Kuna mmoja, mwandiko wake mdogo umelalia kulia, hakutia jina. Ameandika: "Nililishika nikasahau kwamba ni jiwe." Kaka, miaka yote nimekaa hapa, hakuna aliyeniambia neno kama hilo. Mama mwenyewe hajaniambia.

Siombi unifufue, na Nairobi sitakuja. Nakuomba jambo moja, kwa mstari mmoja, hata bila salamu: huyo alikuwa ameshika nini? Bakuli, au mmoja wa wale ndege? Niambie, maana tangu Jumatatu nimeketi na jiwe jipya na sijui nichonge kipi.

Barua hii Angwenyi anakuletea mkononi. Nimemwambia asimame hapo mlangoni pako mpaka umpe jibu.

Ndugu yako,
Nyasani