Kadi ya Mchele

Likoni, Jumatano, 1944

Athumani, mwanangu, ametoka wa kwanza shuleni, na mwalimu wake amemwandikia barua aombe msaada wa serikali aende chuo cha Uganda. Leo tumevuka kivuko kwenda kwa karani wa elimu. Barua hata hakuifungua. Alitaka kadi yetu ya mgao wa chakula.

"Msaada huu ni wa Waafrika," akasema. "Nyinyi hapa mmeandikwa Waarabu."

Waarabu! Mimi, mkulima wa mihogo! Nilijiandikisha hivyo kwa sababu wakati huu wa vita, kwenye mgao, Mwarabu apewa mchele, Mwafrika apewa unga wa mahindi. Mtaa mzima tulifanya hivyo, na tukacheka.

"Basi wa Waarabu uko wapi?" nikamuuliza.

"Huo wataka nasaba iliyoandikwa, mzee. Unayo?"

Serikali gani hii, yapima akili ya mtoto kwa kilicho chunguni? Yule karani amenikirihisha, wallahi. Lakini kadi ile niliijaza mimi, kwa mkono huu huu.

Jioni mke wangu akapakua wali. Athumani akaisukuma sahani taratibu, bila kunitazama.

"Mama," akasema, "mimi nisongee sima."