Ufunguo wa Gari la Zimamoto

Mpendwa Mama Trudy,

Nakuomba unisaidie kufikiri kupitia safu yako ya ushauri gazetini, kwa sababu nimefikiri peke yangu mpaka nimebaki nazunguka palepale, na huku kwetu Dunmire hakuna mtu ninayeweza kumuuliza ambaye hajachagua upande.

Mimi ni katibu wa halmashauri ya kata, na mume wangu Harlan ni naibu kapteni wa chama cha wazimamoto wa kujitolea, kwa hiyo unaweza kuelewa nyumba yangu ilivyo tangu halmashauri na chama waanze kuvutana. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye gari. Halmashauri ilinunua gari jipya la zimamoto kwa kodi za wananchi, halafu mwenyekiti wetu, Bwana Wendell Krick, akasema kwa kuwa limenunuliwa na kata basi mlangoni liandikwe jina la kata, na kuanzia sasa kapteni atateuliwa na halmashauri, na pampu zote ziwe zinakaguliwa mbele ya mtu wa halmashauri. Wazimamoto wakakataa. Kapteni wao, Bernadine Yost, ambaye ni dereva wa basi la shule na ambaye baba yake ni mmoja wa waliojenga kituo cha zimamoto kwa mikono yao, alisimama mkutanoni akasema, "Wendell, sisi ndio tunaoacha chakula mezani kwenda kuzima moto, na hatulipwi hata senti. Leo unataka kutuchagulia kiongozi kwa sababu umenunua rangi ya kuandika jina mlangoni?" Mwenyekiti akamjibu, "Sikununua rangi, Bernadine, nimenunua gari, na walionipa hela wananiuliza liko mikononi mwa nani." Hapo kila mmoja alipigiwa makofi na watu wake. Basi gari likalazwa kwenye gereji ya kata, katikati ya magari ya kusukuma theluji, mlango wake mtupu hauna jina la yeyote, na ufunguo nikakabidhiwa mimi niuweke kwenye droo ya meza yangu mpaka chama kitie sahihi makubaliano.

Nilikaa na ufunguo ule majira yote ya baridi. Nyumbani mimi na Harlan tulikubaliana kwamba jambo hilo halitajwi mezani, tukawa tunazungumza habari za theluji na magoti yake.

Mwezi wa Machi, mchana mmoja wa upepo, taa ya kuwapasha ndama joto ilianguka kwenye nyasi kavu katika banda la mzee Luther Haas, king'ora kikalia, na kupitia dirisha la ofisi nikaliona gari kuukuu la chama likipanda kilima kuelekea huko, nikajisemea haya, wamewahi. Haukupita muda Harlan akaingia ofisini na mabuti yake yana matope hadi magotini, akaniambia pampu ya gari kuukuu imegoma, haivuti maji kabisa.

"Lorene, nipe ufunguo."

"Ngoja nimpigie mwenyekiti kwanza."

"Mpigie. Mimi nasimama hapa. Ila ujue moto umeshika paa, na nyumba ya mzee iko hapohapo pembeni."

Nikapiga, simu ikaita weee mpaka ikakatika, nikapiga tena, haipokelewi, na Harlan alisimama tu kama mteja anayesubiri stempu, na mimi nikafungua droo nikamwekea ufunguo mkononi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikunyang'anywa, sikubembelezwa, nilimpa.

Banda liliteketea, lakini nyumba ilipona, ng'ombe walitolewa karibu wote, na hakuna mtu aliyeumia. Nilipofunga ofisi nilipanda kilimani kwenda kuona, na hapo ndipo nilipokuta kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza kuliko vyote, Mama Trudy. Mwenyekiti alikuwa pale tangu mwanzo. Yeye ni jirani wa mzee Haas, alikimbilia bandani kufungulia ng'ombe kabla gari lolote halijafika, na watu wakanisimulia kwamba gari jipya lilipotokea ni yeye mwenyewe aliyelipungia mikono akisema, "Lipelekeni upande wa nyumba, upande wa nyumba," kisha akashika mpira wa maji nyuma ya Bernadine, wakauelekeza motoni pamoja mpaka mwisho. Mimi niliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya mzee Haas, nyuso nyeusi kama masufuria, wanapokezana kikombe kimoja cha kahawa. Nikafikiri, haya, ugomvi umekwisha.

Mkutano uliofuata mwenyekiti akasimama amevaa tai, akasema gari la kata limechukuliwa bila ruhusa, kwamba aliyetoa ufunguo kwenye droo ya katibu ameiba mali ya umma, na suala lipelekwe polisi. Hata kabla hajamaliza, Harlan wangu akainuka. "Niliuchukua mimi. Nishitakini." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nami nilikuwa nimekaa mezani pale mbele, kalamu mkononi, na hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini amesema uongo. Akasema, "Wewe kaa kimya, mke wangu. Wakinishitaki, kata nzima itakuwa upande wetu. Bernadine ameshapanga siku ya kuuza supu ya kuku na mahindi ili tupate hela za wakili." Na mbona hakuna anayetaja pampu, nikauliza, maana halmashauri iliwaomba waitengeneze tangu majani yalipoanza kudondoka. Akaniambia nimeshaanza kuongea kama Wendell, akaenda kulisha mbwa.

Sasa nisaidie kabla hatujakutana tena mkutanoni, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Nikisema ukweli, mwenyekiti anaweza kunifukuza kazi, na wazimamoto wataona nimewapokonya shujaa wao. Nikinyamaza, mume wangu atasimama mahakamani kwa kosa ambalo halikutokea. Na kuna jambo jingine ninalotaka kujua, hata kama halitanisaidia: watu waliokunywa kikombe kimoja wamewezaje kurudi kwenye haya? Je, wale wa kwenye ngazi ndio wao wenyewe, au ni hawa wa mkutanoni?

Lorene Fetterolf, Dunmire


MAMA TRUDY ANAJIBU

Lorene, mkutano wenu ni Jumatatu, kwa hiyo nimekutumia jibu hili kwa posta kabla ya kulichapa gazetini. Lisome umekaa.

Kwanza pole. Si rahisi kuwa mezani na upande mmoja na ofisini na upande mwingine, na ulipompa mumeo ufunguo ulifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye macho angefanya. Usimwombe mtu radhi kwa hilo. Nikisikia umeanza maelezo yako kwa "samahani" nitakasirika.

Lakini nami nina la kukuuliza. Majira yote ya baridi ulikuwa na ufunguo wa gari la zimamoto mezani kwako, ukimwona mwenyekiti kila wiki. Ulishindwa nini kumuuliza, "Bwana Krick, moto ukitokea na wewe hupatikani, nifanye nini?" Ni swali la dakika moja. Hukuuliza kwa sababu ulitaka amani, na amani yako ilikuwa ya kuzungumzia theluji. Wao wamekuona wewe ni sehemu ya droo, ndiyo, lakini nawe umekaa kimya kama droo.

Mumeo anakupenda, na pia anapenda makofi. Yote mawili ni kweli, wala usibishane naye lipi ni kubwa. Mwambie hivi, tena mezani, mkiwa mnakula: "Ukisema uliiba, umesema sikukupa. Mimi nilikupa." Akienda kulisha mbwa, mfuate huko kwa mbwa.

Kisha kabla ya Jumatatu nenda kwa mwenyekiti, mlangoni kwake, usiende ofisini. Usimvizie mtu mbele ya umati. Akiviziwa atajitetea hata kwa jambo asiloliamini. Mweleze ulivyompigia simu. Akikataa kukusikiliza, basi mkutanoni mkabidhi mwingine kalamu, simama, sema ulichofanya kwa maneno machache na ukae chini. Usiitaje pampu. Ya pampu ni ya Bernadine, na mwanamke anayeendesha basi la watoto anajua kukubali breki zinapogoma. Mwachie nafasi.

Na baada ya hapo wape watu wenu kazi ndogo ya kukubaliana kabla ya ile kubwa. Nani ateue kapteni mtabishana mpaka majira mengine ya baridi, na pande zote mbili zina haki, maana kodi ni za watu na jasho ni la watu. Ila gari liweze kutoka gerejini wakati wote mnapobishana. Hilo lipigiwe kura kwanza.

Umeuliza ni watu gani wale wa kweli. Wote, Lorene. Kwenye moto kila mtu anajua kazi yake ni ipi. Mkutanoni kila mmoja anaogopa ataambiwa hana kazi. Nenda ukawaambie wanayo.

Mama Trudy


(Lorene alituandikia tena wiki iliyofuata, na kwa ruhusa yake tunachapa alichosema.)

Mama Trudy, kwa mwenyekiti nilienda mara mbili sikumkuta, kwa hiyo ilibidi nisimame mkutanoni. Nilisema nilimpa Harlan ufunguo kwa mkono wangu, baada ya kumpigia mwenyekiti mpaka nikachoka.  Bwana Krick akanigeukia.

"Ulinipigia?"

"Nilikupigia."

"Simu ilikuwa kwenye koti," akasema polepole. "Na koti nilimfunika ndama."

Mzee Haas akasema kutoka kiti cha nyuma, "Koti bado liko kwangu, Wendell. Ndama analilalia. Simu hatujaiona."

Bernadine ndiye aliyeanza kucheka, na mwenyekiti akafuata. Alifuta suala la polisi, akaniambia niandike kwamba wazimamoto waliomba ruhusa, na katibu akaitoa. Kisha Bernadine akasimama bila kuulizwa na mtu, akasema pampu ilikuwa na hitilafu tangu vuli na walijua. Kura ikapigwa, ikapita, kwamba chama kiweze kulichukua gari wakati wowote. Suala la kapteni likatushinda, watu wakarushiana maneno kama kawaida, lakini hakuna aliyeondoka.

Tulikuwa garini, tunakaribia nyumbani, Harlan anaendesha.

"Nilikuwa nimeshachagua shati la kuvaa mahakamani," akasema.

"Lipi?"

"Lile la bluu."

Nikamwambia lile lina doa la supu mgongoni, na kwamba nilikuwa nangoja aniulize la kuvaa.